Msitu Ukiuzwa, Kinachouzwa ni Nini? Uchambuzi wa Kisa cha Misitu ya Umma ya England, 2010–2013

Kando ya ziwa Coniston, kaskazini-magharibi mwa England, kuna msitu mdogo uitwao Rigg Wood. Mwaka 2010 msitu huo ulitoka mikononi mwa Tume ya Misitu, chombo cha serikali kinachosimamia misitu ya umma, na kuingia mikononi mwa mmiliki binafsi. Haki ya mtu yeyote kuingia humo kwa miguu haikuguswa, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa kisheria na ilimfunga mmiliki mpya kama ilivyomfunga yule wa zamani. Kilichobadilika ni kwamba lango la maegesho ya magari lilitiwa kufuli. Mzee asiyeweza mwendo mrefu, mzazi mwenye mtoto mgongoni, familia iliyotoka mjini kwa gari, wote walibaki na haki kamili ya kuingia mahali ambapo kufika kwake kulikuwa kumewekewa kizuizi.

Naanza na kufuli hilo kwa sababu, dogo kama lilivyo, limebeba suala zima lililoitikisa serikali ya Uingereza kati ya Oktoba 2010 na Februari 2011, pale ilipotaka kuachia misitu ya umma ya England, yenye hekta zipatazo 258,000, kisha ikalazimika kurudi nyuma wiki tatu tu baada ya kutoa waraka wake wa mashauriano. Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama ushindi wa wananchi dhidi ya serikali, na ni kweli wananchi walishinda. Lakini anayeshughulika na sera za misitu hana budi kukisoma kwa jicho jingine. Kwa maoni yangu hiki ni kisa cha serikali iliyouliza nani aumiliki msitu kabla haijajibu msitu ni wa nini, na makosa yote yaliyofuata, ya hesabu na ya siasa, yalizaliwa na mpangilio huo wa maswali.

Msitu uliopandwa kwa ajili ya vita

Tume ya Misitu iliundwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 1919, na walioiunda hawakuwa wakifikiria ndege wala maua. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeikuta Uingereza ikiwa na misitu katika takriban asilimia 5 tu ya ardhi yake, ikitegemea mbao za kutoka ng'ambo huku nyambizi za Ujerumani zikizamisha meli zilizozileta. Mahandaki ya vita yalihitaji mbao, na migodi ya makaa ya mawe iliyoendesha viwanda na manowari ilihitaji nguzo za kuzuia paa lisiwaporomokee wachimbaji. Tume ikapewa kazi moja iliyoeleweka na kila mtu, nayo ni kupanda akiba ya mbao ya taifa. Desemba 1919 miti yake ya kwanza ilipandwa Eggesford, katika jimbo la Devon, na kwa miongo iliyofuata vilima na nyika zisizofaa kwa kilimo zilivikwa misonobari na misprusi, hasa msprusi wa Sitka, mti wa pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini unaokua haraka katika udongo hafifu wenye mvua nyingi.

Kazi ikiwa moja, hesabu huwa nyepesi. Meneja wa msitu alijua mti gani apande, aupande wapi na aukate lini, na aliyemkagua alijua apime nini. Hata hivyo wananchi hawakukawia kuonyesha kwamba wao waliona zaidi ya mbao. Katika miaka ya 1930 wapenzi wa eneo la maziwa la kaskazini-magharibi walilalamikia mistari iliyonyooka ya miti ya kigeni juu ya vilima vyao, na mwaka 1936 Tume ikakubali kutopanda katika kitovu cha eneo hilo. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imefungua hifadhi ya kwanza ya msitu kwa ajili ya matembezi, Argyll huko Scotland, na mwaka 1938 msitu wa kale wa Forest of Dean, karibu na mpaka wa Wales, nao ukapewa hadhi kama hiyo.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 sababu ya awali ilikuwa imekufa. Katika zama za bomu la nyuklia hakuna aliyeamini tena kwamba nchi ingezingirwa kwa miaka na kuishi kwa nguzo za migodi. Miti, hata hivyo, ilikuwa imesimama, na sababu mpya zikaanza kubandikwa juu ya ile ya zamani, moja baada ya nyingine: ajira za vijijini, kupunguza uagizaji wa mbao, kisha burudani iliyopewa nguvu na sheria ya maeneo ya mashambani ya mwaka 1968, kisha marekebisho ya sheria ya mwaka 1985 yaliyoitaka Tume iweke uwiano kati ya ukuzaji wa mbao na uhifadhi wa viumbe. Mwaka huohuo wa 1985 ikaja sera ya kuitunza miti ya majani mapana, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ikikatwa ili kupisha misonobari. Mwaka 1999 misitu yote ya Tume ilipata ithibati ya kimataifa ya usimamizi bora.

Kila nyongeza ilikuwa njema. Lakini hakuna wakati ambapo Bunge lilikaa likasema wazi kwamba, manufaa haya yanapogongana, lipi litangulie, nani aamue, na gharama ya lile lisilouzika ilipwe kutoka fungu gani. Tume ilibeba majukumu hayo kwa busara ya watumishi wake na kwa fedha za magogo. Mpango wa namna hiyo hudumu mpaka siku anapotokea mtu anayesoma safu moja tu ya daftari.

Mpango wenyewe

Siku hiyo ilifika baada ya uchaguzi wa Mei 2010. Serikali ya mseto ya Conservative na Liberal Democrats iliingia madarakani ikiwa imeahidi kupunguza nakisi ya bajeti, na kila wizara ikatakiwa kuonyesha ingekata nini. Mwishoni mwa Oktoba muswada kuhusu mashirika ya umma ulifikishwa katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge, ukiwa na vifungu vya kumpa waziri mamlaka ya kuibadili Tume ya Misitu na kuachia ardhi yake kwa amri, bila haja ya sheria mpya. Ikumbukwe kwamba Tume ilikuwa imezoea kuuza vipande vya pembezoni na kununua vingine, na kwamba mpango wa kuuza asilimia zipatazo 15 za misitu hiyo ndani ya miaka minne, ili kupata takriban pauni milioni 100, ulikuwa tayari mezani. Muswada ule ulikwenda mbali zaidi. Ulifungua mlango wa kuondoka kwa misitu yote, na waziri mdogo aliyehusika alikiri mbele ya kamati ya Malodi kwamba jambo hilo lilikuwa likifikiriwa.

Tarehe 27 Januari 2011 waraka wa mashauriano ukatolewa. Ulihusu England peke yake, kwa kuwa misitu ya Scotland na Wales iko chini ya serikali zao. (Scotland yenyewe ilikuwa na somo lake la karibuni, maana pendekezo la kukodisha haki ya uvunaji katika robo ya misitu yake ya umma kwa miaka 75 lilikuwa limetupwa mwaka 2009 baada ya upinzani. Ni vigumu kuelewa kwa nini somo hilo halikuvuka mpaka.) Waraka uligawa misitu katika mafungu. Misitu ya urithi, kama vile New Forest na Forest of Dean, ingekabidhiwa mashirika ya hisani. Misitu mikubwa ya kibiashara ingekodishwa kwa makampuni kwa hati za hadi miaka 150. Misitu iliyobaki, midogo na ya kati, ingeweza kuchukuliwa na jumuiya za wenyeji, na ambayo wenyeji wasingeiweza ingekwenda sokoni.

Haki inadai kwamba hoja za serikali zielezwe kwa ukamilifu, kwa sababu hazikuwa za kipuuzi. Ya kwanza ilikuwa ya mgongano wa maslahi. Tume ndiyo iliyotoa vibali vya kukata miti kwa wamiliki wote, na papo hapo ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa wa mbao nchini, hivyo refa alikuwa pia mchezaji. Ya pili ilikuwa kwamba misitu ya umma ni asilimia 18 tu ya misitu yote ya England, na kwamba ile mingine, mingi ikiwa ya watu binafsi, mashirika na familia, haikuwa imegeuka jangwa. Kibali cha ukataji kilihitajika kwa kila mtu, misitu ya kale ililindwa na taratibu za mipango miji, na wanyama adimu walilindwa na sheria popote walipo. Ya tatu ilikuwa kwamba wenyeji wanaoupenda msitu wao wangeweza kuutunza kuliko ofisi iliyo mbali.

Hoja ya pili ndiyo nzito kuliko zote, na wapinzani wengi hawakuijibu ipasavyo. Umiliki wa umma peke yake hauleti manufaa ya umma. Tume yenyewe, ikiwa mali ya umma kwa asilimia mia, iliwahi kung'oa mialoni ya karne nyingi ili kupanda misprusi. Kama umiliki si ulinzi, basi anayeutetea ana wajibu wa kueleza ni kazi gani hasa unayoifanya ambayo kanuni na mikataba haziwezi kuifanya. Jibu lipo, ila haliko katika kaulimbiu. Liko ndani ya misitu yenyewe.

Kielder na Thetford

Tuutazame kwanza msitu wa Kielder, huko Northumberland, karibu na mpaka wa Scotland. Upandaji wake ulianza mwaka 1926, nao ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyopandwa na binadamu katika England, wenye zaidi ya hekta 60,000. Kwa mizani ya waraka ule Kielder ni msitu wa kibiashara, na hakuna ubishi kwamba unatoa mbao nyingi sana. Lakini ndani ya misprusi hiyohiyo ya kigeni wanaishi karibu nusu ya kindi wekundu wote waliobaki England, wakiwa wamekimbia ushindani na maradhi ya kindi wa kijivu walioletwa kutoka Amerika. Kindi wa kijivu hustawi zaidi penye miti ya mbegu kubwa kama mialoni, na shamba la misprusi halimpi nafasi hiyo. Katikati ya msitu kuna bwawa kubwa la maji lililozinduliwa mwaka 1982. Kingo za mito, zilizokuwa zimefunikwa na kivuli kizito cha misprusi, zimefunguliwa na kupandwa miti ya asili, na sehemu za bwawabwawa zilizokaushwa zamani kwa ajili ya upandaji zimeanza kurejeshewa maji yake. Mwaka 2009 ndege mwindaji wa samaki aliyekuwa ametoweka huko kwa zaidi ya karne mbili alijenga kiota tena.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna mhasibu angelifikiria, nalo ni giza. Kwa sababu eneo hilo ni pana na halina miji, anga lake la usiku ni miongoni mwa maanga meusi zaidi Ulaya. Kituo cha kutazamia nyota kilifunguliwa humo mwaka 2008, na Desemba 2013 eneo likapata hadhi ya kimataifa ya hifadhi ya anga la giza. Naomba msomaji alitafakari hilo kwa makini. Mwaka 1926 hakuna aliyepanda Kielder kwa ajili ya nyota, na mwaka 2011 hakuna wakili ambaye angekumbuka kuandika kifungu cha giza katika hati ya miaka 150. Manufaa hayo yalijitokeza yenyewe pale mahitaji ya jamii yalipobadilika, na msitu ulikuwa bado mikononi mwa chombo ambacho kingeweza kuambiwa: sasa fanya na hili pia.

Msitu wa Thetford, ulioanza kupandwa mwaka 1922 katika nyika za kichanga za mashariki, unafundisha jambo jingine. Baadhi ya ndege wake adimu, wanaotaga mayai ardhini na wanaolindwa na sheria za uhifadhi, hawapendi msitu uliofunga. Wanahitaji sehemu iliyokatwa karibuni, au miche iliyo chini ya urefu wa mtu. Miti ikikua wanahama, na wasipopata pengo jipya la kuhamia wanapungua. Kwa hiyo hapo uvunaji wa mbao ndio unaotengeneza makazi ya ndege, mradi tu ukataji upangwe kwa mzunguko, kipande hiki mwaka huu na kile mwakani, katika eneo lote na kwa miongo mingi. Mpangilio huo unawezekana kirahisi pale msitu wote unaposimamiwa na mkono mmoja. Ukigawanywa kwa wakodishaji sita, kila mmoja akikata kwa kufuata bei ya soko, kila mmoja atakuwa ametii sheria na ndege watakuwa wamekosa pa kukaa.

Hapa ndipo mgawanyo wa mafungu ulipovunjika. Ulichukulia kwamba msitu una kazi moja kuu, ama biashara ama urithi, na kwamba ukiijua kazi hiyo umemjua mmiliki anayefaa. Misitu mingi ya umma ya England haijibu swali hilo kwa neno moja. Magogo, maji, kindi, watembeaji na giza vimefumwa pamoja katika ekari zilezile, na atoaye uzi mmoja hulegeza nyingine.

Fedha nazo zilikuwa zimefumwa vivyo hivyo. Mapato ya magogo kutoka misitu mikubwa yalisaidia kulipia misitu ya karibu na miji, ambayo ina watembeaji wengi na mbao kidogo. Ukikodisha kwa makampuni ile inayolipa na kuwapa wenye hisani ile isiyolipa, utakuwa umemnyang'anya mwenye mzigo mzito punda wake. Mashirika ya hisani yaliyotarajiwa kupokea misitu ya urithi yaliliona hilo mara moja, na swali lao la kwanza lilikuwa ni nani angelipa gharama za kila mwaka. Jibu lilikuwa kwamba serikali ingeendelea kusaidia kwa muda. Ndiyo kusema kwamba katika sehemu hiyo ya mpango hapakuwa na akiba kubwa ya kuokoa, na tathmini ya athari iliyoambatana na waraka haikuonyesha faida ya fedha iliyo wazi kwa mlipa kodi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Misitu hii ilikuwa na daftari, lakini lililoandikwa humo lilikuwa magogo na mishahara tu, na kwa hiyo manufaa makubwa zaidi yalisomeka kama hasara.

Haki ya miguu

Serikali iliahidi kwamba hati za ukodishaji zingebeba masharti ya kulinda haki ya wananchi kuingia. Ahadi hiyo haikuwa ya uongo, ila ilikuwa pungufu, na upungufu wake ni wa kisheria. Sheria ya mwaka 2000 kuhusu maeneo ya mashambani na haki za njia iliwapa wananchi haki ya kutembea milimani, nyikani na katika ardhi za jumuiya, lakini haikujumuisha misitu. Mmiliki wa msitu aliweza kwa hiari yake kuuweka wakfu kwa watembeaji, na akishafanya hivyo wakfu huo huwafunga wote watakaomfuata. Tume ilifanya hivyo katika ardhi yote iliyoimiliki moja kwa moja. Katika ile iliyokuwa imeikodi kutoka kwa wengine haikuweza.

Wakfu huo ni wa miguu. Hauna baiskeli, hauna farasi, hauna maegesho, hauna choo, hauna njia iliyosawazishwa ili kiti cha magurudumu kipite. Hayo yote yalikuwepo kwa sababu Tume iliamua yawepo, kwa bajeti yake na kwa kuelewa kwamba yeye ni mtumishi wa umma. Yangeweza kuandikwa katika mkataba, naam, lakini mkataba wa namna hiyo unahitaji msimamizi anayekwenda kukagua, na mpango huu ulikuja wakati Tume yenyewe ilikuwa ikipunguziwa bajeti na mamia ya watumishi wake wakipoteza kazi. Nani angeipanda milima kuhesabu makufuli? Tukirudi Rigg Wood, tunaona kwamba mmiliki mpya hakuvunja sheria hata moja. Tofauti kati ya haki iliyoandikwa na nafasi halisi ya mtu kuitumia ndiyo iliyokuwa ikilindwa na umiliki wa umma, na ndiyo ambayo waraka haukuwa na neno la kuitaja.

Wananchi waliosema hapana

Upinzani ulianzia mahali ambapo serikali ingepaswa kuutarajia. Forest of Dean ulikuwa msitu wa kifalme tangu enzi za Wanormani, na wenyeji wake wana haki za kale ambazo bado ziko hai. Mtu aliyezaliwa katika tarafa ya St Briavels, akitimiza miaka 21 na akiwa amefanya kazi mgodini mwaka mmoja na siku moja, anaweza kuandikishwa kuwa mchimbaji huru. Mwaka 1981, serikali ya wakati huo ilipotunga sheria ya kurahisisha uuzaji wa misitu, watu wa Dean walipiga kelele hadi msitu wao ukatengwa na sheria hiyo. Muswada wa 2010 ulikusudia kuondoa kinga hiyo. Tarehe 3 Januari 2011, katika baridi kali, maelfu walikusanyika huko chini ya kaulimbiu ya kuitaka serikali iondoe mikono msituni, na Baroness Jan Royall, aliyekuwa kiongozi wa upinzani katika Baraza la Malodi na mkazi wa eneo hilo, akayabeba madai yao bungeni.

Kutoka hapo moto ulienea. Ombi lililoendeshwa mtandaoni na kundi la kampeni liitwalo 38 Degrees lilikusanya saini zaidi ya 500,000. Kura ya maoni ya kampuni ya utafiti ya YouGov, iliyoagizwa na kundi hilohilo, ilionyesha asilimia 84 wakitaka misitu ibaki mali ya umma. Karibu watu mashuhuri mia moja, akiwemo Askofu Mkuu wa Canterbury Rowan Williams na mwigizaji Judi Dench, walitia saini barua ya wazi. Wabunge wa chama tawala wenye majimbo ya mashambani, ambao wapiga kura wao si watu wa maandamano, walianza kupokea barua ambazo hawakuwahi kuziona kwa wingi huo.

Tarehe 11 Februari uuzaji wa zile asilimia 15 ulisitishwa. Tarehe 16, Waziri Mkuu David Cameron alipoulizwa bungeni kama anaridhika na sera yake ya misitu, alijibu kwamba kwa kifupi, hapana. Kesho yake waziri wa mazingira, Caroline Spelman, alisimama mbele ya Bunge akaomba radhi, akisema walikosea. Mashauriano, yaliyokuwa yaendelee hadi Aprili, yalifutwa, na vifungu vya misitu vikaondolewa katika muswada. Namheshimu kwa radhi hiyo. Mawaziri wengi hulaumu mawasiliano, kana kwamba sera ilikuwa njema ila haikuelezwa vizuri. Yeye hakujificha huko.

Baada ya radhi

Sehemu yenye thamani zaidi kwa mtunga sera inaanzia hapa, ingawa kamera zilikuwa zimeondoka. Machi 2011 liliundwa Jopo Huru la Misitu chini ya Askofu James Jones wa Liverpool, ambaye wakati huohuo aliongoza jopo lililochunguza nyaraka za maafa ya uwanja wa mpira wa Hillsborough. Ndani yake walikaa pamoja wamiliki binafsi, wafanyabiashara wa mbao, wahifadhi na watetezi wa watembeaji. Jopo lilizuru misitu, likapokea maoni zaidi ya 42,000, na tarehe 4 Julai 2012 likatoa ripoti. Kwa mara ya kwanza katika kisa hiki swali la msitu ni wa nini lilitangulia.

Majibu yake hayakumpendelea mtu. Misitu ya umma ibaki ya umma, lakini ishikwe kama amana ya taifa na chombo chenye mkataba wa kudumu na walinzi wa kukihoji, ili waziri wa siku moja asiweze kuigeuza. Kazi ya udhibiti itenganishwe na kazi ya kuuza, na hivyo ile hoja ya refa na mchezaji ikapata jibu lisilohitaji mnada. Manufaa yasiyouzwa sokoni yathaminiwe na kulipiwa kwa uwazi. Misitu ya England ipanuliwe kutoka takriban asilimia 10 ya ardhi hadi 15 ifikapo mwaka 2060. Jopo lilikumbusha pia jambo lililokuwa limezama katika kelele: karibu nusu ya misitu yote ya England ilikuwa haisimamiwi kikamilifu, na mingi kati yake ni ya watu binafsi. Miezi ya mabishano juu ya asilimia 18 ilikuwa imeifunika asilimia 82.

Januari 2013 serikali ilikubali mengi. Misitu ingebaki mikononi mwa umma na chombo kipya cha amana kingeundwa kwa sheria. Lengo la upanuzi likapunguzwa hadi asilimia 12. Sheria hiyo haikuja. Chombo kilichopo, ambacho tangu Aprili 2019 kinaitwa Forestry England, kimetenganishwa kiutendaji na kazi ya udhibiti, lakini kiko ndani ya muundo wa Tume ileile. Mwaka 2014, muswada wa miundombinu ulipoleta njia ya kuhamisha ardhi ya umma kwenda kwa wakala wa ujenzi wa nyumba, watetezi wa misitu walilazimika kurudi bungeni kudai itengwe, na ikatengwa kwa marekebisho. Huo ndio ugumu wa kulindwa kwa umati badala ya sheria. Umati unapaswa kuamka kila mara.

Wakati huohuo asili ilitoa mtihani wake. Mwaka 2012 ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya ash, mti wa majani mapana wa Ulaya, uligunduliwa kwanza kwenye kitalu na kisha, Oktoba, katika misitu ya mashariki. Watumishi wa Tume walitumwa kukagua nchi nzima kwa siku chache, katika misitu ya umma na ya binafsi, na watafiti wake wakaanza kutafuta miti yenye ukinzani. Ukaguzi wa namna hiyo hauna mnunuzi, na msitu wa jirani hunufaika nao bila kulipa senti.

Daftari nalo limeanza kubadilika. Wasimamizi wa misitu ya umma sasa huchapisha hesabu za mali asili, ambamo kando ya mapato ya magogo huwekwa makadirio ya thamani ya matembezi, hewa ukaa inayohifadhiwa na mengineyo, na magogo huonekana kuwa sehemu ndogo ya jumla. Safu ya giza la Kielder ingali tupu. Vivyo hivyo safu ya lango lililo wazi.